Sindano Ilipogoma Kule Mwanda

Kwenye geji yetu ya kazi, ile saa ya kupimia nguvu ya hewa ndani ya mabomba, pale karakana Voi, kuna alama nyekundu ya rangi ya kucha. Ni ndogo kama punje ya mtama, na iko kwenye namba ishirini na nane, upande wa chini ya sifuri. Bosi wangu aliipaka mwenyewe kwa rangi aliyomwomba mkewe. Siku ya kwanza niliyoingia kazini, kabla hata hajaniuliza kama nimekunywa chai, alinionyesha alama hiyo akaniambia gesi haiingii kwenye mashine yoyote mpaka sindano ifike hapo. Si karibu na hapo. Hapo.

Nieleze kidogo, maana hata mama yangu kule Marungu anafikiri kazi yangu ni kupuliza upepo. AC ni mabomba ya shaba yanayozunguka na kurudi yalikoanzia, na ndani yake inapita gesi inayobeba joto la chumba na kwenda kulitupa nje. Bomba likipata tundu, gesi inatoka, hewa inaingia, na hewa huja na unyevu wake. Ukitia gesi mpya juu ya hewa na unyevu umeilisha mashine sumu. Itapoza vizuri tu, watu watakushukuru, halafu baada ya miezi michache kompresa, ambayo ndiyo moyo wa mashine, inakufa. Kwa hiyo kwanza unafunga pampu, unanyonya kila kilichomo ndani mpaka pabaki patupu kabisa, ndipo unafungua mtungi wa gesi. Ndani ya bomba huoni kitu. Unaamini sindano.

Mimi niliiamini. Sikusoma sana. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo nyumbani hazitajwi wageni wakiwepo, nikafanya mwaka mmoja chuo cha ufundi, na yaliyobaki nilijifunza nimepiga magoti nyuma ya maduka ya dawa na ofisi za watu. Ila ndoto sikuwahi kupungukiwa. Nilikuwa najiona na pikapu yangu nyeupe, ngazi juu yake, na siku moja naipoza stendi nzima ya Voi, abiria wa kutoka Mombasa washuke kwenye basi waulizane kama wamepitilizwa mpaka Limuru. Bosi alikuwa akinisikia nikiongea hivyo anacheka, ananiambia nianze kwa kukaza nati.

Basi wiki moja simu ikapigwa kutoka Mwanda, huko juu milimani. Kuna kikundi cha akina mama wakulima, wanalima letasi na brokoli, na walikuwa wamejenga chumba cha baridi nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wao. Kuta zake ni nene, zimejazwa povu gumu, na kinachopoza ni AC ya kawaida ya ukutani iliyofungiwa kisanduku kidogo cha kuidanganya, ili isijizime ikifika digrii kumi na sita bali iendelee kushuka mpaka nne. Kila Ijumaa saa nane mchana lori la mnunuzi hupanda kuchukua mboga za mahoteli. Dereva ana kipimajoto, anakichoma katikati ya kreti, na ikizidi digrii saba hachukui. AC ilikuwa imeacha kupoza. Ijumaa mbili mfululizo lori lilikuwa limerudi tupu, na mnunuzi alikuwa ametuma ujumbe kwamba likirudi tupu mara ya tatu halitapanda tena.

Hiyo ilikuwa Jumatano jioni. Bosi alikuwa na kazi kwenye loji moja huko mbugani ambayo hangeweza kuiacha. Alikuna kichwa, akaniangalia, akakuna tena.

"Enda wewe," akasema. "Ukikwama piga simu."

Sikulala vizuri kwa furaha.

Alhamisi asubuhi pikapu ya mmoja wa akina mama, ile inayobebea mbolea, ilinichukua Wundanyi na pampu yangu, mtungi wa gesi, mtungi mdogo wa naitrojeni, mizani na boksi la spana. Tulipanda ndani ya ukungu mpaka nikawa naona boneti tu. Mimi ni mtoto wa Marungu, kwetu baridi ni ya mtungini. Nilishuka nikiwa na fulana na dastikoti nyembamba, meno yanagongana.

Mwenyekiti alikuwa mama mrefu mwenye gambuti na koti kubwa la mumewe. Alinisalimia kwa heshima zote, kisha akachungulia ndani ya pikapu.

"Na fundi?"

"Ndiye mimi, mama."

Akachungulia tena, kana kwamba labda kuna mwingine amelala kwenye mbolea. Halafu akavua leso mbili nzito mabegani mwake akanifunga nazo kiunoni na kifuani kama mtoto, akasema fundi akiganda hana faida. Wenzake wakacheka, na mmoja akauliza kama huko Voi siku hizi wanaume wameisha. Nikamjibu wapo, ila wanaogopa baridi. Hapo wakanipenda kidogo.

Walinionyesha mboga zilizokataliwa. Zilikuwa zimemwagwa kando ya zizi na ng'ombe wawili walikuwa wanatafuna brokoli taratibu, kama watalii mezani. Ningecheka, lakini bibi mmoja alikuwa amesimama pale akiokota vichwa ambavyo havijaharibika na kuvifuta kwa upindo wa gauni, kimoja kimoja, kisha anavirudisha chini, maana hana pa kuvipeleka. Nilifungua boksi langu haraka.

Tundu halikunichosha. Gesi ya AC hutembea na mafuta kidogo, kwa hiyo pale inapotorokea huacha doa. Nililikuta kwenye kitengo cha nje, lile sanduku linalokaa nje ya ukuta, chini ya nati ya bomba nene. Aliyefunga mashine mwanzo alikuwa ameikaza mpaka mdomo wa bomba ukapasuka ufa mwembamba kama unywele. Gesi yote ilikuwa imekwisha, geji ilisoma sifuri. Nikakata kipande, nikapanua mdomo mpya, nikapaka tone la mafuta, nikafunga nati mpya kwa mkono mpaka mwisho na spana kidogo tu. Kisha nikajaza naitrojeni kwa nguvu, nikapaka povu la sabuni kila kiungo na kungoja nusu saa. Hakuna kipovu kilichotoka na sindano haikuhama. Nilijisikia fundi mpaka kwenye vidole vya miguu.

Nikaitoa ile naitrojeni, nikafunga pampu, nikawasha. Ilikuwa kama saa sita.

Sindano ikashuka vizuri. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Ikapunguza mwendo, kama kawaida yake. Ishirini na nne. Ishirini na tano. Ikasimama.

Nikangoja. Voi huwa tunapima muda wa pampu kwa chai. Chupa moja ya chai ikiisha, taratibu bila kukimbizana, sindano imeshalala kwenye alama. Akina mama waliniletea chupa kubwa, nikainywa yote, na sindano ilikuwa bado ishirini na tano.

Nikaanza kutafuta kosa. Nilikaza mipira ya geji upya. Nilibadilisha mafuta ya pampu, yale ya zamani yalikuwa masafi. Nilipaka sabuni kila kiungo mara ya pili, hata pale ambapo hapakuwa na kiungo. Nililala chali kwenye nyasi mbichi nikiangalia chini ya kitengo cha nje. Nilifungua ile nati niliyoifunga vizuri, nikakata mdomo mpya juu ya ule mpya, nikarudia naitrojeni, ikashika kama mwanzo, nikarudisha pampu. Ishirini na tano. Yule bibi wa brokoli alikuja akauliza kama sindano ni mgonjwa. Nikamwambia imegoma tu. Akainama akaiangalia kwa huruma kabisa, akaondoka.

Saa tisa nilimpigia bosi. Nikamweleza yote, hatua kwa hatua, naye akasikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si desturi yake.

"Ungekuwa karibu na alama ningekuambia ngoja," akasema. "Kupungukiwa namba tatu nzima ni tundu. Labda ndani ya ukuta. Funga vitu vyako ushuke, nitapanda Jumamosi na pampu ile kubwa."

"Jumamosi lori litakuwa limeshakuja, bosi."

"Lori ni la wiki. Kompresa ni ya miaka. Shuka."

Alisema kweli. Ndiyo iliyoniuma. Nilizima pampu na kuanza kuzungusha waya mkononi, nikifikiria nitaanzaje. Nilitaka kuwaambia wakiwa wamekaa, kwa hiyo nikaenda jikoni.

Jikoni walikuwa bado wanangoja chakula. Saa tisa! Maharagwe yalikuwa yanachemka kwenye sufuria tangu asubuhi, na yalikuwa bado yana ubishi. Mke wa mtoto wa mwenyekiti, binti aliyeolewa huko akitokea Voi, alikuwa anaponda moja kwa kidole na kutikisa kichwa. Aliniomba msamaha mimi mgeni, akasema nisifikiri ni uvivu, huko juu maharagwe huchukua kuni mara mbili ya Voi. Akaanza kunisimulia mwaka wake wa kwanza wa ndoa. Alidhani kuni ni mbichi. Kisha akadhani ni mbegu. Mwisho akaagiza sufuria yake mwenyewe kutoka kwao Voi, akiamini ya mama mkwe imechoka.

"Aliniambia maharagwe yetu yana roho mbaya," mwenyekiti akasema, na jiko zima likacheka.

"Si nilikuwa sijui, mama. Maji hapa yanachemka haraka, unaona mapovu makubwa, lakini hayana moto wa kutosha. Mwalimu mmoja ndiye alinieleza. Hewa ya huku ni nyepesi, haiyakandamizi."

Nilikuwa nimeshika kijiko nilichopewa nionje. Nilikishika hivyo hivyo.

Bosi wangu, anapotaka kumvutia mteja, husema pampu yetu inaweza kuchemsha maji bila moto. Ni kweli. Ukinyonya hewa ndani ya bomba, unyevu uliomo unachemka wenyewe na kutoka kama mvuke, hivyo ndivyo tunavyoukausha. Hewa ikipungua, maji yanachemka upesi. Nilikuwa nayajua hayo kama jina langu, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali hewa imeshapungua kabla sijawasha pampu. Yule binti alikuwa ametafuta kosa kwenye sufuria nzima, nami nimelala chali kwenye nyasi natafuta kosa kwenye bomba zima.

Sindano haijui patupu ni nini. Inaanza kuhesabu kutoka hewa ya pale uliposimama. Kama hewa ya pale ni kidogo, cha kunyonya ni kidogo. Ndoo yenye lita ishirini na tano huwezi kumwaga lita ishirini na nane, hata ukiipindua mpaka kesho.

Niliomba radhi nikatoka mbio na leso zangu mbili mpaka kibanda cha jirani. Sijui nilitaka kuona nini, nilitaka tu kitu kilichofungwa huko chini kikaletwa huku juu. Pakiti za krisps zilikuwa zimening'inizwa kwenye kamba, zimevimba kama mito ya kulalia. Voi huwa zimelegea, maana hewa ya huko inazikandamiza. Nilimuuliza mwenye kibanda kama anazijaza upepo, akaniangalia vibaya. Akasema huja hivyo, na nyingine hupasuka zenyewe. Nikanunua moja, nikaila nikirudi, nikampigia bosi mara ya pili.

Nilijua hatasikiliza habari za maharagwe. Nikamuuliza kitu kingine. Yeye alianzia kazi Mombasa kabla ya kuhamia Voi, na sote karakana tulikuwa tunajua kisa cha geji yake: ilikuwa nzima Mombasa, ikaanguka ndani ya lori siku ya kuhama, ikaharibika kidogo, ndiyo maana ikahitaji alama. Baadaye alinunua mpya hapo Voi, nayo akailalamikia.

"Bosi, Mombasa sindano ilikuwa inafika ngapi?"

"Thelathini, kasoro nywele. Kabla haijaanguka."

"Na ile geji mpya uliyoinunua Voi, ukaikuta na ulemavu ule ule?"

"Ishirini na nane. Nilimrudishia yule muuza geji, nikamwambia anauza takataka." Nilisikia mtu huko loji akiburuta kiti.

"Mombasa thelathini," nikasema taratibu. "Voi ishirini na nane. Huku ishirini na tano. Ni ngazi, bosi. Tumepanda tu."

"Nimemtukana yule mtu bure," akasema. Halafu sauti yake ikarudi ya kazi. "Sikiliza. Mimi huko juu sijawahi kufunga mashine hata moja, na siko hapo. Nyonya tena. Ukimaliza, funga vali, zima pampu, ngoja nusu saa. Sindano ikirudi hata unywele, kuna tundu, unashuka. Ikisimama, amua mwenyewe. Na ukiiua hiyo mashine, wewe ndiye utawaeleza hao akina mama, uso kwa uso. Si mimi."

Nikasema sawa.

Kulikuwa na jambo moja zaidi lililonisumbua. Ule ukungu. Bomba lilikuwa limefunguka kwa wiki mbili na zaidi katika hewa iliyolowa vile, na huko baridi. Unyevu uliokwama kwenye kona za shaba haukimbilii pampu kama unavyofanya Voi, ambako jua lenyewe linasaidia. Unahitaji kupashwa. Nikarudi jikoni nikaomba maji ya moto na matambara. Sufuria ya maharagwe ikaondolewa mekoni, na hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote nilizopewa Mwanda. Wakapokezana: mmoja anachovya, mmoja anakamua, mmoja anazungushia bomba lote la nje na mgongo wa kile kitengo cha ndani. Bibi wa brokoli alishika kona yake na hakuiachia. Pampu inanguruma, mvuke unapanda, na mtu aliyepita barabarani akauliza kwa sauti tunamkanda nani. Akajibiwa ni mzazi.

Ilipofika saa kumi na moja nilifunga vali, nikazima pampu. Nikawaambia sasa tunangoja nusu saa, na mtu asiguse kitu. Sindano ilikuwa ishirini na tano. Nilitoa kalamu nikachora mstari mwembamba juu ya kioo, pale pale ilipolala, nikakaa chini mbele yake.

Sijawahi kuangalia kitu kidogo kwa muda mrefu hivyo. Dakika kumi. Kumi na tano. Mwenyekiti alikaa kando yangu kwenye ndoo iliyopinduliwa. Dakika thelathini zilipoisha, nikaongeza kumi nyingine kwa woga. Sindano ilikuwa imekaa pale pale chini ya mstari wangu kama imegundishwa.

Hapo nikamweleza mwenyekiti ukweli wote, na wenzake wakasogea. Nikasema kanuni ya karakana yetu inasema nisitie gesi. Nikasema mimi naamini kanuni hiyo iliandikwa chini, kwa hewa ya chini. Kama niko sawa, mashine yao itaishi. Kama nimekosea, kesho itapoza, lori litapakia, na baada ya miezi kompresa itakufa, na wataanza upya. Nikifunga vitu niende, mashine iko salama na mboga za kesho zimepotea, pamoja na lori.

Mmoja akauliza bosi anasemaje. Mwenyekiti akamnyamazisha kwa mkono.

"Bosi yuko na watalii," akasema. "Nakuuliza wewe uliyeikalia. Kuna tundu?"

"Hakuna, mama."

"Basi tia."

Nikaweka mtungi juu ya mizani, kichwa chini miguu juu, maana gesi ile ni mchanganyiko na lazima itoke ikiwa majimaji, la sivyo inatoka nusu nusu na kuharibika. Kibao cha mashine kilikuwa kimeandikwa uzito wake, nikaongeza kidogo kwa urefu wa bomba: gramu elfu moja na mia moja. Nikatoa hewa kwenye mpira, nikafungua vali kwa robo mzunguko. Ule utupu ndani ukaivuta gesi wenyewe kwa mluzi mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Namba za mizani zikaanza kushuka. Ilipofika nusu na kitu ikagoma kuvuta, nikawasha mashine, kompresa ikaamka, nikaendelea kuipa kidogo kidogo, nafungua nahesabu mpaka tatu nafunga, nafungua nafunga, mpaka gramu ya mwisho. Feni ya ndani ikawa inazunguka. Nikaweka mkono mbele yake. Kwanza hewa tu. Kisha hewa ya asubuhi. Kisha nikautoa mkono.

Tulikula maharagwe giza likiingia, na yalikuwa yameiva.

Ijumaa walivuna alfajiri, majani yakiwa yameshapozwa na ukungu wenyewe, na kufikia saa mbili kreti zote zilikuwa ndani. Hewa ya chumba ilikuwa nne. Nilidhani kazi imekwisha. Nilikuwa nimesahau kwamba hewa kupoa ni jambo moja na katikati ya kichwa cha brokoli ni jambo lingine.

Lori lilikuja saa saba. Saa nzima mapema, dereva anasema ana safari nyingine. Akaingia na kipimajoto chake, akachoma letasi: sita. Akina mama wakatazamana. Akachoma brokoli, akangoja, akageuza kile kioo tuone wote. Saba na nukta nane.

Hakuwa mtu mbaya. Alisema anachukua letasi, brokoli hawezi, na kwamba ujumbe wa mnunuzi wanaujua, akirudi na nusu mzigo ni kama amerudi mtupu. Mwenyekiti hakupandisha sauti hata kidogo. Alimuuliza makubaliano yanasema saa ngapi. Dereva akasema saa nane. Mwenyekiti akasema basi saa nane bado haijafika, na chai iko tayari, karibu jikoni.

Mara tu alipopinda kona, niliingia ndani na wanawake wanne tukafunga mlango nyuma yetu. Waliopanga kreti asubuhi walikuwa wamezibananisha ukutani vizuri sana, kama matofali, na hewa ilikuwa inapita juu yake tu. Tukazivunja. Brokoli zote tukazileta mbele ya feni, kreti kwa kreti, tukiacha kati yake nafasi ya mkono kupita, letasi zikarudi nyuma. Vidole vilikufa ganzi, hakuna aliyelalamika. Kisha tukatoka, nikakaa chini nimeegemea mlango, nikawaambia hakuna anayefungua, hata kama ni mimi ninayebadilisha mawazo. Nilikuwa nasikia kompresa nyuma ya ukuta inavuta bila kukatika. Jikoni mwenyekiti alikuwa anamuuliza dereva habari za watoto wake, mmoja mmoja.

Saa nane kamili alikuja. Nilisimama nikafungua. Akachoma brokoli ya kreti ya mbele, akaitoa, akachagua nyingine, ya katikati, kutoka kreti aliyoichagua mwenyewe. Akangoja mpaka namba zikaacha kucheza.

"Sita na nukta tisa," akasema. Akapangusa kipimajoto kwenye suruali. "Leteni."

Hakuna aliyeshangilia. Lori la baridi lilikuwa wazi na kila dakika ilikuwa inakula digrii, kwa hiyo tukajipanga mstari kutoka mlangoni mpaka kwenye lori na kreti zikaanza kupita mkono kwa mkono. Nilikuwa nataka kukaa pembeni nimpigie bosi, lakini yule bibi alinisukumia upande mmoja wa kreti akashika mwingine.

"Fundi, inua," akasema.

Nikainua.